Shajara ya mradi: neno "lulu", kutoka mti hadi uzi

Mei 6

Chama cha Kiswahili kimenipa kazi, ingawa kwa kawaida mlezi ndiye huwapa wanachama. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na safari hii wanafunzi wamekataa katakata shindano la vitendawili ("Mwalimu, majibu tunayajua tangu darasa la nne"). Wanataka maonyesho ya neno moja: lifuatwe mpaka lilikotoka, lichorwe, litundikwe bwaloni ili kila mtu alione akisubiri githeri. Maneno kumi na mawili yaliandikwa ubaoni, kura zikapigwa, na "lulu" likalishinda "chapati" kwa kura mbili. Mimi nilipigia chapati.

Lililoleta ushindi huo ni swali la msichana wa kidato cha pili. Alisimama akasema: hapa Kisumu tuna ziwa, hatuna bahari. Hakuna mtu humu ndani aliyewahi kushika lulu ya kweli. Lakini neno lenyewe kila mtu analijua, na darasani kwetu kuna akina Lulu wawili. Kitu hakijafika, jina lake limefikaje?

Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Mpango wa leo: mti wa ukoo. Shina ni "lulu", mizizi chini, matawi juu, vyote kwenye bango la mita mbili. Fedha: shilingi 2,500 za mfuko wa chama. Muda: wiki tisa.

Mei 9

Katibu ameleta mchoro wa kwanza. Juu kabisa ameandika neno la Kiingereza, *pearl*, kisha mshale unashuka hadi "lulu". Nilipomuuliza ushahidi, akasema yote mawili yana herufi l. Nikamwambia kwa hesabu hiyo hata chai na chura ni ndugu.

Mshale tumeufuta. Lulu ni neno la Kiarabu, *lu'lu'*, na ile alama iliyo katikati na mwishoni ni mkato wa sauti kooni, pumzi inayokwama kidogo kisha ikaachiliwa. Waswahili wa pwani waliilainisha mikato hiyo ikapotea, zikabaki silabi mbili pacha. Kiarabu chenyewe kina kitenzi cha ukoo huohuo, *tala'la'a*, maana yake kumetameta. Hapo wanafunzi waliona jambo kabla yangu: Kiarabu kimerudia silabi, nasi tukisema "metameta" tumerudia. Mwanga unaochezacheza hautoshi kutajwa mara moja. Mvulana mmoja akaongeza "ng'aaa!" kwa sauti kubwa, akaambiwa akae chini.

Mei 14

Kabla ya kuendelea na neno nilitaka wakione kitu, angalau binamu yake. Nilipita agroveti moja karibu na soko la Kibuye nikanunua nusu kilo ya maganda ya kome wa ziwani, yale wanayosagiwa kuku wa mayai ili wapate kalisi ya kuimarisha ganda la yai. Muuzaji aliniuliza nina kuku wangapi. Nikamwambia arobaini na wawili, wote wa sekondari.

Darasani niliwaambia wayageuze. Upande wa nje ganda ni kama jiwe la njiani. Upande wa ndani, ukilielekeza dirishani, linatoa rangi ya waridi, kijani, fedha, zinahama kila ukilitikisa. Wengi wao wamekulia ufukweni na hawakuwahi kuligeuza ganda hata siku moja.

Lulu hutengenezwa kwa kitu hikihiki: tabaka nyembamba sana za aragonaiti, ambayo ni aina ya kalisi kaboneti, zilizogandishwa pamoja kwa protini. Chaza akiingiliwa na kitu katika nyama yake, au akijeruhiwa, hukizungushia tabaka hizo moja baada ya nyingine. Nimelazimika kuipinga hadithi ya chembe ya mchanga. Mara nyingi mgeni huyo ni kimelea, si mchanga. Chaza anaishi katika maji yenye mchanga maisha yake yote. Lau kila chembe ingekuwa lulu, Mombasa wangekuwa wanajengea nyumba lulu. Na hata kome wa maji baridi hutoa lulu. China hufuga kome kwa ajili hiyo na ndiyo inayoongoza duniani kwa lulu za maji baridi.

"Kwa hiyo kuku wanaweza kuwa wanakula lulu?" Swali la nyuma ya darasa. Sikulijibu, lakini nimelifikiria njia nzima nikirudi nyumbani.

Wanafunzi wanne wamependekeza bango lipambwe na methali ya haba na haba. Nimeikataa mara nne.

Mei 17

Leo kazi imeharibika kwa kicheko, na sijuti.

Tulikuwa tunamalizana na *pearl*, ili tuwe na sababu nzuri ya kulitoa kwenye mti. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, *perle*. Nyuma ya hapo kuna Kilatini cha watu wa kawaida, *perla*, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mzizi wake ni *perna*. Maana ya *perna* ni paja, hasa paja la nguruwe. Warumi waliliita hivyo kombe moja la baharini kwa sababu ya umbo lake, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kama paja lililotundikwa buchani. Kutoka jina la kombe likazaliwa jina la kilichomo ndani ya kombe. (Wapo wanaodhani asili ni tunda la peasi, lakini hao ni wachache na wanafunzi hawakutaka hata kuwasikia.)

Kimya kidogo. Kisha kijana mmoja wa kwaya akafungua Biblia yake, Mathayo 7:6, akasoma taratibu kama anayehubiri: "wala msitupe lulu zenu mbele ya nguruwe." Akaifunga. "Mwalimu, kumbe kwa Kiingereza nguruwe alikuwa mlemle ndani tangu mwanzo."

Nilipowatuliza, msichana mmoja Mwislamu kutoka Manyatta akasema anashukuru neno letu lilipitia njia nyingine. Tukaanza upya kucheka.

Uamuzi: nguruwe achorwe. Kura zote.

Mei 24

Nimekuja Seme kumwona Dani, yaani bibi yangu kwa Kiluo. Jina lake la ubatizo ni Margaret, na sikuwahi kufikiri kwamba safari hii ingekuwa ya kikazi.

Wagiriki waliiita lulu *margarites*, neno walilolipata kutoka mashariki. Waajemi hadi leo husema *morvarid*, nalo ni la ukoo mmoja. Warumi wakalichukua, *margarita*, likawa jina la wanawake: Margaret, Rita, Greta, na akina Magi wote waliojaa katika kaunti hizi za magharibi. Nilimweleza Dani kwamba jina lake ni kito.

"Tigo?" akauliza. Tigo ni shanga kwa Kiluo.

Nikamwambia ni kama shanga, ila hii hutoka ndani ya mnyama wa baharini. Akanitazama. "Nyakwara (mjukuu wangu), miaka themanini naitwa mdudu?"

Ukoo huu wa Margaret una jamaa ambao hukutarajia. Wa kwanza ni "marijani". Wanaisimu wengi huona kwamba *marjan* ya Kiarabu ilitokana na *margarites* kupitia Kiaramu, na wafasiri wa kale wa Kurani waliwahi kuhitilafiana kama marjan ni lulu ndogondogo au ni tawi jekundu la baharini. Kiswahili kilichagua tawi: tunasema marijani ya fedhaluka. Kwa hiyo katika sura ya Ar-Rahman, inapotajwa kwamba katika bahari mbili hutoka lulu na marijani, koo mbili za lugha zimekaa bega kwa bega ndani ya aya moja.

Jamaa wa pili nilimpata usiku, mkononi nina simu na mezani kuna mkate Dani alionipakia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanakemia Mfaransa, Michel Chevreul, alipata kutoka kwenye mafuta kitu chenye mng'ao wa lulu, akakipa jina kutokana na neno lile la Kigiriki. Mwaka 1869 Mfaransa mwingine, Hippolyte Mège-Mouriès, alipotengeneza kibadala cha siagi, jina likahamia huko. Majarini. Nimekula lulu juu ya mkate tangu utotoni, na Dani ndiye aliyekuwa akinipakia.

Mei 31

Barabara ya Oginga Odinga, kwa sonara mmoja mzee wa Kigujarati. Nilienda na wanafunzi watatu nikiwa nimewaonya wasiguse kitu. Tulitaka tu kuona lulu. Alitutolea uzi mmoja, lulu za maji baridi za kufugwa, akamfundisha msichana wetu kuisugua moja taratibu kwenye ukingo wa jino: ya kweli hukwaruza kidogo, ya plastiki huteleza. Ilikwaruza. Basi sasa yupo mmoja wetu aliyewahi kushika lulu.

Kwa lugha yake lulu ni *moti*, na Wahindi nao husema vivyo hivyo. Asili yake ni ya Kisanskriti, inakotoka pia *mukta*, yaani iliyoachiliwa, iliyofunguliwa. Nimependa hiyo. Waarabu walitazama mwanga, Warumi wakatazama umbo la kombe, huko India wakatazama ile dakika ganda linapofunguka.

Tulipokuwa tunaaga akasema mama yake alikuwa na lulu mbili asizozitaka. *Motiyo*: ndivyo Wagujarati wanavyouita mtoto wa jicho. Kihindi ni *motiyabind*, tone la lulu. Waajemi nao husema maji ya lulu. Mara tatu lugha tofauti zimetazama jicho lenye weupe zikaona kito, na Kiswahili kikaona mtoto. Nilimpigia simu Dani, maana alipasuliwa jicho la kushoto mwaka jana, nikamuuliza yeye aliona nini. Akasema hakuona lulu wala mtoto, aliona ukungu wa alfajiri juu ya ziwa, kutwa nzima, ambao jua halikuuondoa.

Juni 3

Mti umeanguka.

Tumejaribu kila namna. Lulu na *margarites* hawana babu mmoja. *Perla* ni mtu mbali. *Moti* mbali. Mwanafunzi anayetuchorea alisema ukweli ambao nilikuwa naukwepa: huwezi kuchora mti kwa miti mitano isiyojuana. Ukilazimisha, unachora uongo wenye majani.

Nilikaa na karatasi tupu mpaka kengele ya chakula. Kitu ni kimoja, kimeuzwa bandari hadi bandari kwa maelfu ya miaka, na kila bandari imekipa jina lake au imeazima la jirani. Majina hayakuzaana, yalikutana sokoni. Sijui nilikuwa nawaza nini kutaka shina.

Msichana aliyeuliza swali la kwanza akasema: basi tuchore mkufu. Nyuzi kadhaa, kila ukoo na uzi wake. Tumekubaliana. Tumeanza na nyuzi tano: lulu, margarites, perla, moti, na wa tano nitauandika hapa chini.

Juni 6

Uzi wa tano: *unio*. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyefia Vesuvio mwaka 79, anaeleza kwamba lulu kubwa ziliitwa hivyo kwa kuwa hazipatikani mbili zinazofanana. Kila moja ni ya pekee. Neno hilohilo wakulima wa Kirumi walilitumia kwa kitunguu kimoja kisicho na vichipukizi, na kupitia Ufaransa likawa jina la kitunguu kwa Kiingereza, *onion*. Ukikata kitunguu kati na ukakata lulu kati, utaona wametazama vizuri: tabaka juu ya tabaka mpaka ndani. Wanasayansi nao wakalichukua *Unio* kuwa jina la kome wa maji baridi, na oda nzima ambamo kome wa ziwa letu wamo inaitwa Unionida. Yale maganda ya Kibuye, kumbe, tayari yalikuwa kwenye mkufu.

Juni 11

Kijana wa Busia amekuja na hoja. Anasema kuishi mpakani kumemfundisha kwamba lulu ni Uganda. "Lulu ya Afrika." Iko hata katika wimbo wao wa taifa, mwisho wa ubeti wa tatu, tangu 1962. Hakubali maonyesho yasiyo na Uganda.

Ana haki. Sifa hiyo watu wengi humpa Winston Churchill, aliyepita huku mwaka 1907 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka uliofuata. Alikuja kwa treni mpaka hapa Kisumu, akapanda meli kuvuka ziwa hadi Entebbe. Kwa hiyo lulu hiyo ililengwa kutoka gatini kwetu.

Sasa sikiliza hili. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, pahali hapa paliitwa Port Florence na palikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea mpaka Naivasha, Nakuru ikiwemo. Ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda: ilifika Uganda kweli, bila kuvuka ziwa. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, mkoa ule ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Churchill alipopita, tulikuwa tumeshatolewa miaka mitano.

Kijana wa Busia: "Yaani tulikuwa lulu, halafu karani akatukata?"

Kadi yake inasema: *Kisumu: ndani ya lulu hadi 1902.* Nimeikagua mara tatu na sioni kosa.

Juni 14

Mafupi. Mwalimu wa kompyuta ametuletea Perl, lugha ya programu aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Alitaka kuiita Pearl, kwa ajili ya ile lulu ya thamani kubwa ya Mathayo 13, akakuta lugha nyingine ina jina hilo, akaondoa herufi moja. Inaingia uzi wa nguruwe.

Pia mwanafunzi wetu kutoka Sudan Kusini amesema kwao lulu si kito, ni mti. Nimehakikisha: Kiarabu cha Sudan huita hivyo mbegu za mti ambao mafuta yake Waacholi huyaita *moo yaa*, yale ya kupikia na kujipaka. Kwa hiyo ipo lulu inayokaangiwa mboga. Mvulana yule alizungumza dakika kumi mfululizo. Tangu ajiunge nasi Januari sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili.

Na mwalimu wa muziki anadai *baroque*. Sawa. Wareno waliiita *barroco* lulu yenye umbo la kombokombo, na inasemekana mtindo ule wa sanaa na muziki wa Ulaya ulipata jina lake hapo. Kadi moja, bila uzi, ining'inie upande.

Juni 18

Usiku, baada ya kusahihisha insha. Nimeona kitu ambacho nimekifundisha kwa miaka kumi na moja bila kukiona.

Kila mwanafunzi wa sekondari hujua kwamba fasihi andishi ina nathari na ushairi. Wao hukariri, mimi huwapa alama. Nathari ni neno la Kiarabu, *nathr*, na maana yake ya asili ni kutawanya, kumwaga vitu ovyo. Kinyume chake ni *nadhm*, ambalo washairi wetu wa kale walilifanya nudhumu: kupanga, na hasa kupanga lulu katika uzi. Kwa Waarabu wa kale, maneno ya kawaida ni lulu zilizomwagika sakafuni. Shairi ni lulu hizohizo zikiwa zimetiwa uzi. Istilahi mbili za somo langu zimetoka kwenye kibweta cha vito.

Kisha nikakumbuka kwamba Kiswahili hakikuhitaji kuazima picha hiyo, maana kilikuwa nayo. Tunatunga shanga. Tunatunga shairi. Kitenzi ni kimoja. Ndiyo maana mshairi wa pwani akilisifu shairi lake huliita koja, na beti zake duri, neno jingine la Kiarabu la lulu ambalo siku hizi utalikuta mashairini tu.

Nikafungua kamusi kwenye "tunga" nikaendelea kushuka. Mimba hutunga. Jipu hutunga usaha. Hapo niliweka kalamu chini. Kidonda kinachokusanya kitu chake ndani polepole, tumbo linaloshika mtoto, mkono unaotia shanga uzini, kichwa kinachopanga mizani: vyote ni kutunga. Na chaza? Ameingiliwa, amejeruhiwa, ndani kuna kitu kinajikusanya duara. Kiswahili sanifu husema chaza "hutengeneza" lulu, kama fundi wa viti. Mimi kuanzia leo nitasema chaza hutunga lulu, na mtahini akinisahihisha nitamwonyesha jipu.

Wanaisimu watasema huenda hizi ni tunga mbili tofauti zilizofanana kwa bahati. Huenda. Sitawaambia wanafunzi kwamba nina hakika. Nitawaambia nilichokiona.

Juni 19

Nimewaambia. Darasa lilinyamaza vizuri. Kisha mmoja akauliza kama swali hilo linakuja kwenye mtihani.

Juni 27

Maafa.

Bango limetoka saiba, moja ya zile za karibu na stendi ya mabasi. Shilingi 1,800 zimekwenda. Faili letu lilikataa kufunguka kwenye mashine yao, kijana wa pale akaona atusaidie, akaandika upya kila kitu mwenyewe, na kompyuta yake ikasahihisha kila neno isilolijua kwa Kiingereza. Hakutupigia simu. *Unio* imekuwa *union*, tukaonekana kama chama cha wafanyakazi. *Perla* imekuwa *Pearl* kila mahali, pamoja na mahali tunapoeleza kwamba *perla* si *pearl*. Na katikati ya bango, kwa herufi nyekundu kubwa kama kiganja, pale palipopaswa kuwa "lulu na marijani", pameandikwa "lulu na marijuana".

Bango la shule. La kutundikwa mbele ya bodi.

Nilirudi nalo limekunjwa kwapani kama mtu aliyeiba mkeka. Yule kijana amesema kuchapisha upya ni bei ileile, kwa kuwa wino umeshatumika. Mfuko wa chama una shilingi 430 (nusu kilo ya kome, nauli ya watu wanne, kalamu za rangi). Naibu mwalimu mkuu ameliona. Aliniambia tu, "Mwalimu, hiyo ibaki ofisini kwako," akatoka nje haraka, na nilisikia kicheko chake mpaka korido ya maabara.

Juni 30

Mkutano wa dharura chini ya mwembe. Katibu alitaka tubandike karatasi juu ya makosa. Tulihesabu makosa: ishirini na tatu. Lingeonekana kama suruali ya shamba.

Kisha yule msichana wa kidato cha pili (nimeanza kudhani mradi ni wake, mimi ni dereva) akasema tumekuwa tukisema kutunga, kutunga, na hatujatunga chochote. Tutoboe kadi, tutie uzi, tutundike kwenye boriti za bwalo.

Manila kumi na mbili: shilingi 240. Uzi tumepewa bure na mjomba wa mwanachama mmoja anayeshona nyavu Dunga. Ni ule wa nailoni wa kijani, haukatiki hata ukimning'iniza mwalimu.

Julai 5

Tumetunga siku nne, jioni, mpaka maandalio ya usiku. Kadi sitini na moja, kila moja duara la upana wa sahani, maandishi ya mkono. Kati ya kadi tumetia maganda ya kome yaliyobaki, upande unaong'aa ukitazama chini, maana watazamaji watakuwa wameketi.

Mgogoro wa mwisho ulikuwa kadi ya kwanza, ile ya kujibu swali la Mei 6. Msichana wetu aliandika: *Neno limekuja na vitabu, si na jahazi.* Alikuwa na hoja: Biblia ya Kiswahili ilipohitaji neno kwa ajili ya Mathayo, haikubuni, ilichukua lile ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia tangu kale, na misioni zikalibeba mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuonja maji ya chumvi. Msichana wa Manyatta akapinga. Akasema vitabu vya pwani vyenyewe vilikuja na jahazi, zilezile za Ghuba zilizoshuka na kaskazi na kurudi na boriti za mikoko, na huko Bahrain na Kuwait watu walikuwa wakizamia lulu vizazi na vizazi. Huwezi kulitoa jahazi. Wakabishana mpaka giza.

Kadi sasa inasema: *Neno limekuja na vitabu ~~si~~ na jahazi.* Mkato umeachwa uonekane. Wamekataa niandike upya.

Julai 7

Nyuzi saba zilipanda saa moja asubuhi. Upepo wa ziwani uliingia madirishani saa nne hivi, kadi zikaanza kuzunguka, maganda yakigongana, na sauti yake hakuna aliyekuwa ameipanga. Wageni wa bodi walisoma huku wamenyanyua videvu. Mmoja alisimama chini ya nguruwe muda mrefu. Kijana wa Busia alimweleza kila mgeni kuhusu 1902, wengine mara mbili.

Dani alikuja kwa matatu kutoka Seme, kwa hiari yake. Alisoma kadi ya Margaret mwenyewe, bila miwani, kwa jicho la kushoto. Akaniuliza kwa nini tigo haina kadi. Nikamwambia tigo si lulu. "Na majarini ni lulu?" Tukamtafutia kipande cha manila. Ameandika kwa mkono wake, herufi kubwa, kadi ya sitini na mbili.

Julai 9

Tumeshusha nyuzi. Tumehesabu kadi: sitini na moja. Iliyokosekana ni *unio*, ile yenye picha ya kitunguu kilichokatwa kati. Tulitafuta chini ya meza, nyuma ya ngoma za maji, kwenye jaa.

Imepatikana jikoni. Mpishi ameitoboa tundu la pili na kuifunga kwenye gunia la vitunguu kwa uzi wetu wa Dunga. Nilipomtazama akasema alidhani ni lebo. Nimemwachia.